Mama Mkwe Amelala Chali

Kaka Deo,

Tangu saa moja asubuhi sijatoka katika chumba chako hapa Nyegezi. Kiti chako kinalia kila nikijisogeza, kwa hiyo nimekaa sakafuni, karatasi nimeiweka juu ya goti. Ninaandika polepole. Hata kukohoa naogopa.

Utaniuliza kuna nini. Kuna buibui wako, Kaka, na kuna makosa yangu.

Wiki mbili baada ya kukuzika, ukoo ulikaa kikao kugawa vitu vyako. Koti la suti akapewa binamu, redio ikaenda kwa mama, vitabu nikapewa mimi. Kisha mzee aliyeongoza kikao akaitazama orodha, akakohoa: "Na huyu mdudu je?" Shangazi akataka achomwe moto siku ileile. Nikasimama. Unanijua nikisimama. Nikawauliza kwa sauti ile inayowatoa wanafunzi madarasani: kiumbe ambaye marehemu alimlea miaka minne, tangu alipomwokota chini ya jiwe pale Kigongo tukisubiri kivuko, achomwe kwa kosa gani? Kwa kuwa na manyoya? Mbona babu ana manyoya masikioni na hatujamchoma? Babu ndiye aliyeanza kucheka, na hata mama, ambaye hakuwa amecheka tangu hospitali, akajifunika khanga usoni, mabega yakitikisika.

Nilishinda nusu. Mama Mkwe, kama ulivyomwita kwa sababu heshima yake ni kukaa naye mbali, akawa wangu. Sanduku lake la kioo akapewa baba mdogo wa Igoma alelee vifaranga. Akasema atakuja kulichukua leo.

Na leo, kati ya siku zote, nimemkuta Mama Mkwe amelala chali, miguu minane juu.

Nilikumbuka mara ya kwanza nilipomwona hivyo, nikachukua rula nimgeuze, nawe ukanidaka mkono. "Weka rula chini, Adela. Aliyekufa hukunja miguu chini ya tumbo. Huyu yuko kazini." Ukanieleza kwamba anajivua gamba, kwamba chini yake mwili ni laini kama uji ulioganda, na kwamba kuguswa au kuhamishwa saa hiyo kunaweza kumpasua. Majukwaani tumelipigia kelele neno hilo, kujivua gamba, mpaka likachuja. Hakuna aliyetuambia kwamba anayejivua hubaki bila silaha, bila ngozi ya kumkinga, bila hata uwezo wa kukimbia.

Lakini kabla ya leo nilikuwa nimeyasahau mafunzo yako. Wiki tatu alikataa kula, tumbo likawa jeusi na kung'aa. Zilikuwa dalili, nami nikaziita huzuni. Nikamtumbukizia mende, kesho yake mwingine, kama walivyonisukumia sahani za ndizi msibani. Asubuhi hii mende mmoja alikuwa bado hai, akimzunguka. Ulinionya, Kaka, kwamba mawindo humtafuna mwindaji akiwa laini! Nimemtoa mende huyo kwa lile koleo lako refu la maabara, kwa mkono huu unaoshika kipaza sauti mbele ya umati, taratibu nisikiguse kioo.

Saa nne baba mdogo akabisha hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ahaa, kumbe kafa! Pole, mama. Basi nipe kioo changu, vifaranga wamejazana kwenye boksi wanakanyagana."

Nilikuwa nimeandaa hoja tangu jana. Zote zilikuwa za kupaza sauti, na kupaza sauti ni kutikisa kioo. Nikanong'ona tu: "Baba, hajafa. Tafadhali kaa."

Akanitazama sana. "Mwanaharakati leo unanong'ona? Basi kuna jambo." Akavua viatu mlangoni, akaketi kitandani kwako, kofia mapajani.

Tukangoja. Gamba la kifuani lilibanduka kama mfuniko wa kopo. Mguu mmoja ukachomoka, mweupe, unyevunyevu, kama mtu anayevua soksi iliyolowa. Wa pili. Wa tano. Wa saba. Wa nane ukakwama. Akavuta, akapumzika, akavuta tena, na mimi nikahesabu pumzi zangu.

"Msaidie basi!" baba mdogo akasema, yeye aliyekuja kuchukua kioo. "Unaangalia tu?"

Nikaikalia mikono yangu, Kaka. Mimi niliyegombana na manesi zamu tatu mfululizo. Mimi niliyekuamsha kila nusu saa pale wodini nikuulize unajisikiaje, mpaka ukaniambia, "Adela, niache nilale," nami nikakuita tena. Niliita hofu yangu upendo, nikaipa sauti kubwa, nikakunyima usingizi wako wa mwisho.

Mguu wa nane ulibaki ndani ya gamba. Mama Mkwe amejigeuza sasa, ana miguu saba, chonge zake nyeupe kama maziwa. Ulisema mguu huota tena baadaye, akijivua mara nyingine. Lakini pale ulipokatikia naona tone la maji, ndiyo damu yake, na sijui kama limekauka au linaendelea kutoka. Sijui kama atafika kesho. Baba mdogo ameondoka mikono mitupu. "Vifaranga watakaa jikoni," amesema, akiingiza miguu viatuni. "Ila nipigie simu, unijulishe."

Nisamehe, Kaka Deo. Nakuahidi haya, na mara hii hakuna wa kunipigia makofi. Nitamwekea maji, sitamlisha mpaka chonge ziwe nyeusi, sitafunua kifuniko kwa sababu tu nimeingiwa na wasiwasi. Akifa, atakuwa amekufa bila kusumbuliwa. Akipona, sitasema ni mimi niliyemponya.

Nawe lala. Hapa nilipo ninatamani sana kukuita, na sikuiti.

Mdogo wako,
Adela