Gunia moja tu

Walikale, siku ya tano, mangaribi

Na bado nasikia ile balansi ikilia chini ya miguu ya Mama.

Sisi njo tunakata majani ya kiwanja cha ndege. Kila siku ya posho, ile ya sita, ni salongo, kazi ya bure ya lazima, kijiji muzima na mipanga. Leo Mama anashindwa kupumua, na kwa pikipiki katika matope ile hawezi kufika hospitali kubwa. Nikamupeleka kwenye kiwanja apande ndege. Wakamupima juu ya balansi ya magunia ya madini.

"Kilo zimejaa, kaka," mupakizi akaniambia. "Labda juma ijayo."

Wangeshusha gunia moja tu, Mama angepanda na nafasi ingebaki. Ugonjwa umemukausha hivyo. Lakini mawe ya madini iliruka na ndege, na Mama akabaki chini, kitenge usoni sababu ya vumbi yao.

Kufika nyumbani nikaapa: kesho siendi salongo. Wenye mawe wakate majani yao wenyewe! Nilisema kwa nguvu, Mama akasikia kutoka kitandani.

"Mutoto yangu, majani ikirefuka, ndege itatua wapi? Na mimi nitaenda na nini?"

Nimenoa mupanga.