Madawati Yale Yale

Mwalimu Sudi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nashindwa kuanza na wewe bila shikamoo, hata leo ambapo nimekuja na ugomvi.

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda cha mlinzi, getini mwa shule moja ya kulipia hapa Al Garhoud, Dubai. Watoto wako darasani, na msimamizi wangu, Mganda mmoja mpole, amekwenda kunywa chai. Ndiyo, Mwalimu. Msaidizi wako kwa miaka tisa, aliyezijua shule sita za kata yako kuliko sebule ya kwao, sasa anafungulia magari geti. Nilikuja huku kwa hasira. Ulipoanza kuugua ukawaandikia halmashauri kwamba anayefaa kushika nafasi yako ya Afisa Elimu Kata ni Rehema. Rehema! Aliyekuwa na miaka miwili tu pale ofisini. Mimi ukaniambia, "Hamisi mwanangu, siku moja utanielewa." Nikafunga begi. Miezi mitano baadaye ukafariki, na sikukuzika. Hilo linaniuma mpaka kesho.

Lakini wivu nao upo, acha niuseme. Nilimwonea Rehema wivu mpaka chakula hakishuki. Siku niliyosikia kwamba hata yeye ulikuwa ukimwita "mwanangu", ndiyo kabisa. Nilidhani neno lile ni langu peke yangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabangaiza. Ruzuku ikija inatosha chaki, karatasi za mitihani na bati mbili za choo, basi. Madawati ya kata nzima yalitosha shule moja tu. Na ukisema hayatoshi, amri inashuka: wazazi wachange. Walishachanga mara mbili, na yule mama aliyeuza mbuzi wake wa mwisho alikuja kukulilia ofisini. Ndipo mimi, si wewe, nikasema tuyahamishe. Mkaguzi akienda shule ya kwanza, madawati yote ya kata yanakuwa pale. Akienda ya pili, trekta la mzee Kombo limeshatangulia nayo alfajiri. Watoto wa shule nyingine siku hiyo wanakaa sakafuni. Namba za shule niliziandika kwenye madawati kwa chaki, ili zifutike kwa kitambaa chenye maji na kuandikwa upya. Ukanisifu, "Hati yako, Hamisi, hata waziri angeisaini."

Na lile dawati lililoungua pembeni je? Mkaguzi alilikalia Jumatatu, akalikalia tena Alhamisi kwenye shule ya nne, akalipapasa, akasema, "Hili dawati nalifahamu." Wewe hukupepesa hata jicho: "Fundi wetu ni mmoja, bwana, na pasi yake ni hiyo hiyo moja." Pasi! Tulicheka mpaka tukakaa chini kando ya njia. Siku ile nilikupenda kama baba.

Ila kila yalipogawiwa madawati mapya, kata yetu ilirukwa. Kwenye taarifa zetu tulikuwa nayo tele.

Sasa sikiliza. Rehema wako, ukaguzi wake wa kwanza, alilikataa trekta. Akamwacha mkaguzi aone watoto sakafuni, shule moja baada ya nyingine. Nilipopata habari nilikasirika, nikasema huyu anajifanya msafi. Kumbe lililomngoja lilikuwa kubwa. Wiki iliyopita akanitumia ujumbe wa sauti. Halmashauri wamefungua taarifa zetu za zamani, wakakuta kila shule ina madawati kamili, na sasa wanamuuliza yeye kayauza wapi. Wamemsimamisha kazi. "Kaka Hamisi," anasema, "mzee Kombo anadai hakumbuki kitu. Umebaki wewe tu." Analia, lakini hakunilaumu hata kwa neno moja.

Na mimi nilifurahi, Mwalimu. Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu kwenye basi la kampuni, tukirudi kambini Muhaisnah, nikasema moyoni: haya mteule, onja!

Siku tatu sikumjibu. Jana, madam mkuu wa shule hii akaagiza viti vya madarasa manne vitolewe, eti rangi yake haiendani na kuta mpya. Viti vizima! Yalla, yalla, haraka haraka, vikapandishwa kwenye lori, nami nimesimama getini navihesabu kimoja kimoja. Nikaona wivu. Wivu wa viti, mtu mzima na sare yangu! Nikajikuta nimeshika kalamu, naandika namba kwenye kiganja, tayari napanga shule za kuvipeleka. Hapo ndipo nikakuelewa. Ungenipa mimi ile kata, trekta la mzee Kombo lingekuwa linatembea hadi leo, na ningejisifu. Ulilijua hilo, ukaona haya kuniambia, maana wewe mwenyewe ulikuwa umekaa pembeni yangu kwenye tela.

Basi nimeandika barua nyingine, ya halmashauri. Nimeeleza yote: trekta, chaki, hata lile lililoungua. Nimejitaja mimi kwanza kuwa ndiye niliyebuni. Wewe nimekutaja wa pili, maana sahihi yako iko kwenye kila taarifa, na nikikuficha hawataniamini. Lile darasa walilolipa jina lako, huenda wakalifuta. Nisamehe, Mwalimu wangu. Nisamehe sana. Nimeipiga picha nikamtumia Rehema asubuhi hii, kabla sijabadili mawazo. Wakiniita kutoa maelezo nitakuja, na wakinishtaki nitakuja vilevile.

Usidhani nimekuwa malaika. Wivu bado ninao. Yule mwanamke aliweza kwa siku moja nililoshindwa miaka tisa, nawe ulimwona mapema. Ila nakuahidi hivi: siku kata ikipata madawati yake, namba nitaziandika mimi, kwa rangi ya mafuta, na kila dawati litabaki shuleni kwake.

Mungu akulaze pema. Kengele imelia, watoto wanatoka, nakwenda kufungua geti.

Mwanao, na hilo simwachii Rehema,

Hamisi