Kisiwa Nilichokificha

Mto Wapistan,
Manitoba Kaskazini.
9 Septemba 1929

Mpendwa dada Filomena,

Pokea salamu zetu za mapenzi. Hujambo huko Winipegi, na kile kifua kimepoa? Sisi wazima, ila goti langu limechoka kubeba mtumbwi nchi kavu. Mke wangu Abigaili amekausha samaki wa kutosha na kila siku ananisema kwa uvivu.

Dada, nina jambo linalonitesa. Miaka mitatu iliyopita niliwaongoza wapima ramani wa serikali. Bwana Pringle alichora kila ghuba na kila poromoko, nami nikimtajia majina. Tulipofika Ziwa la Bata Mweusi nikamzungusha upande wa magharibi, kwenye matete, asikione kisiwa alikolala mama. Unajua wageni walivyofukua makaburi kule chini ya mto, wakaondoka na mafuvu.

Akaniuliza, "Solomoni, huko mashariki kuna nini?"

"Maji tu, bwana. Na mbu."

Akacheka, akapaka buluu ya maji mahali pale kwenye ramani. Nikajiona mjanja kweli.

Mwezi uliopita walikuja watu wa bwawa la umeme. Majira ya kuchipua watapandisha ziwa futi ishirini. Nikawaambia kuna kaburi. Mkubwa wao akatandaza ramani ile ile.

"Mzee, mbona hapa maji matupu?"

Nikakiri kwamba nilimdanganya mchoraji.

"Kumbe wewe mwongo. Basi leo tukuamini kwa lipi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeumbuka.

Tangu siku hiyo, nikipita kule mchana kutega nyavu, namsikia mama akiniita kwa jina langu la utotoni. Nikiacha kupiga kafi ananyamaza, nikianza anaanza. Sauti yake haina hasira, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Abigaili anasema, "Hakasiriki. Anauliza mnamhamisha lini."

Jumatatu iliyopita nilikwenda kisiwani na sepetu. Nikaweka tumbaku ya sadaka kaburini, nikapiga magoti, mkono ukakataa. Ukoo wetu haufukui mfu mpaka kifungua mimba wake amweleze kwa kinywa chake kwamba anahamishwa, na kifungua mimba ni wewe. Najua uliapa hutarudi huku. Nakuomba uje kabla mto haujaganda, katikati ya Oktoba.

Usipokuja, maji yatapanda na uongo wangu utakuwa kweli.

Msalimie shemeji Oktavi na mwanetu Klementina. Mungu akushike mkono njiani.

Mdogo wako akupendaye na akungojaye,
Solomoni