Hotuba Yangu kwa Polisi wa Michigan

Cleotis, sikia haya. Polisi amenisimamisha huku Michigan kwa mwendo kasi, na bastola yangu ilikuwa kwenye droo ya dashibodi.

Kibali changu cha silaha cha kwetu Indiana wanakikubali, ila sheria yao inataka umwambie polisi papo hapo kwamba una silaha. Mimi, bingwa wa masomo ya jioni kanisani, nilikuwa na hotuba tayari. Nikaanza na jina langu kamili. Nikamtakia asubuhi njema. Nikataja mpaka kanisa letu!

Kabla sijafika kwenye bastola, mke wangu Ernestine akapeleka mkono kwenye droo. "Baba, acha porojo, mpe kadi ya gari."

Nikapiga kelele, "Usiguse!"

Polisi akashika bastola yake. Yake, Cleotis! Mke wangu mkono uko hewani!

Hotuba yote ikabaki maneno matano: "Bastola imo humo, nina kibali."

Polisi akashusha pumzi. "Mzee, si ungeanza na hilo?"

Ameniachia kwa onyo. Ernestine naye akaniuliza, "Si uliniapia umeiacha nyumbani?"

Sasa yeye ndiye anayeendesha. Polisi alinisamehe kwa dakika tano. Huyu tumebakiza naye maili mia mbili, na bado hajanisamehe.