Ukanda wa Karatasi Kati ya Gia Mbili

Baba yangu mpendwa,

Lori lako bado liko juu ya meza ya gereji, hapa mtaani Buyenzi, tumbo wazi, mota pembeni. Arobaini yako imepita. Shangazi anataka meza iondolewe, nami nimemwomba siku moja zaidi, kwa maana nina jambo la kukiri na limo ndani ya lori hilo.

Unakumbuka lilivyoanza. Magari yalikosa mafuta, gereji ikakosa kazi, nawe ukachukua lori la plastiki la kuvuta kwa kamba, ukaapa litakwenda lenyewe kwa rimoti. Mota uliitoa kwenye drili mbovu ya betri. Kibati cha kuishikilia ulikikata kwenye mfuniko wa sufuria ya mama, naye hajakusamehe hadi leo. Mimi, niliyetoka chuoni nimejaa hotuba, nilisimama mlangoni nikauliza, mbele ya mafundi wenzako, kama huo ndio mchango wa baba yangu wakati taifa zima linasukuma magari kwa mikono. Walicheka. Wewe hukuinua kichwa.

"Hii haiombe mutu mafuta," ulisema. "Kuja ushike hapa, mama," ukaniita mimi binti yako, kama ulivyozoea.

Nilishika. Nilikaza skrubu za mota mpaka gia yake ndogo ikaiuma ile kubwa ya ekseli, mhimili wa magurudumu, nikajiona fundi. Ukazilegeza zote. Kisha ukachana ukingo wa hotuba yangu iliyokuwa mezani, ukauingiza ukanda huo kati ya gia mbili, ukaisogeza mota mpaka ikaubana, ukakaza, ukauvuta ukatoka na alama za meno. Nafasi iliyobaki, nyembamba kama karatasi, ndiyo iliyokuwa uhai wa mashine nzima.

"We unakaza kama vile unahutubia," ulinitania. "Acha ipumue."

Mafundi walicheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Uliifungua mota ili uchomelee nyaya, tukakubaliana kwamba Alhamisi mchana nitaifunga kwa mkono wangu.

Alhamisi sikuja. Nilikuwa juu ya kiti katika ua wa chuo, nikidai mafuta kwa sauti iliyonikausha koo, simu nimeizima mfukoni. Nani atajibu, niliuliza, mgonjwa atakapokufa njiani kwa kukosa lita moja? Nilipigiwa makofi. Na wakati huohuo, baba, wewe ulikuwa umeanguka kando ya meza hii, umeshika kifua. Na katika mtaa wetu wenye gari kando ya kila ukuta, halikupatikana hata moja lenye tone. Mafundi walikulaza kwenye teksi, wakaisukuma kwa mikono hadi hospitali. Wao walifika. Wewe hukufika.

Sitasema kwamba kifo kama hicho hakina mwenye kosa. Kosa hilo nitalitangaza mpaka sauti iniishe. Lakini siku ile niliwasemea wagonjwa wote, na wangu nikamzimia simu.

Jana niliifunga mota peke yangu, kwa hasira, bila karatasi. Ililia, ikanuka, na meno ya gia kubwa yakalika yote kabla lori halijafika ukutani. Jirani yako wa gereji, yule aliyeshika usukani wa teksi siku ile, alisikia mlio akaja.

"Mzee alikuonyesha hivi?" aliuliza.

Nilisema hapana.

"Basi fanya vile alikuonyesha."

Katika kopo lako la skrubu nimeikuta gia nyingine, moja tu. Nikiiharibu na hii, lori halitatembea kamwe, na mikono iliyojua kulitengeneza imo kaburini. Kwa hiyo leo sikazi kwa nguvu. Karatasi pekee iliyopo mezani ni hii ninayokuandikia, na atakayeisoma ataona ukingo wake wa kulia haupo. Nauchana sasa.

Pumzika, baba. Alhamisi yako nimeichelewea, lakini nimekuja, na karatasi ninayo.

Binti yako,
yule uliyemwita ashike hapa