Mianzi ya Katikati

Jumamosi, 6 Desemba

Nimefunga tena kiungo cha chini ya siti. Katani, gundi, katani, gundi. Vidole vimenata hadi kikombe cha chai nakishika kwa viganja. Kiungo cha jana kilikuwa na mapovu ndani, nikakikata chote. Fremu ya mianzi haitaki haraka, na mimi nina haraka. Shokapu ya mbele nimeipata kwenye mitumba ya Makambako. Breki za diski zimetoka dukani kwetu Makambako, ninakotengeneza baiskeli. Nyuma hakuna shokapu, mwanzi wenyewe utanepa kidogo, basi. Kabla ya Krismasi nataka kushuka nayo njia za misonobari kule Njombe, wenzangu wakome kunicheka.

Mianzi ni mizuri mno. Mizito, karibu haina tundu. Niliikata katikati ya kichaka cha Shangazi, nikaikausha kwa moshi juu ya meko yake. Yeye yuko Tandala anamuuguza binti yake. Nyumba ameniachia mimi niilinde.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeipanda! Matope, mizizi, mteremko wote ule, na haikulia hata mara moja. Wenzangu wenye baiskeli za chuma walibaki nyuma. Walipiga picha, wakagongagonga fremu kwa kucha. Mmoja akauliza mianzi nimeitoa wapi. Nikasema nimenunua. Uongo ulitoka kabla sijaufikiria.

Jumatano, 17 Desemba

Shangazi amerudi. Binti hajambo. Hakunywa hata chai, alikwenda moja kwa moja kwenye mianzi yake. Alikaa huko muda mrefu.

Mvua imeshashika. Machipukizi yalitakiwa yawe yamejaa. Yapo machache, membamba. Mianzi mama ya katikati haiguswi, ndiyo inayolisha machipukizi, na chipukizi ndilo tunalogema ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mbena gani asiyejua hilo? Nilijua. Ya pembeni ilikuwa myembamba kwa fremu, nikajiambia kichaka ni kikubwa, hakitasikia.

Ulanzi anaouuza ndio unaomweka Shangazi mpaka mahindi yakomae. Hana kingine.

Akaniuliza kama nilisikia watu. Nikasema mvua ilikuwa kubwa, sikusikia kitu. Baiskeli iko dukani Makambako. Nilimshukuru Mungu kwamba haikuwa nyumbani, kisha nikaona aibu kwa shukrani hiyo.

Ijumaa, 19 Desemba

Baba Tumaini, jirani yetu wa juu, amejenga banda la nguruwe. La mianzi mipya. Shangazi ameliona.

Tulikuwa tunapalilia viazi, yeye na mimi, Baba Tumaini akapita njiani. Shangazi akamwita mwizi. Akina mama waliotoka kisimani walisimama na ndoo zao vichwani wakisikiliza. Yule baba alisema mianzi amepewa na wakwe zake. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuna aliyemwamini.

Mimi niliinama nikapalilia tuta lililokwisha kupaliliwa. Mimi ni mwoga. Sina jina lingine la kujiita.

Jumapili, 21 Desemba

Baba Tumaini hakuja kanisani. Huwa anaimba besi, na leo besi ilipwaya, watu wote wakajua kwa nini. Mkewe alikuja, akakaa benchi la nyuma peke yake.

Balozi wa nyumba kumi amewaita Shangazi na Baba Tumaini keshokutwa. Shangazi anataka niwe shahidi wake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nalinda. Jioni amenipigia pasi shati. Amepiga hadi kola, kwa uangalifu.

Jumanne, 23 Desemba

Nimesema. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni anajifunga kitenge, tayari kuondoka. Nilimwambia yote, mianzi, baiskeli, uongo. Nilisema nikiangalia sakafu. Akakaa kwenye kigoda. Nilitegemea anitukane, na nilitamani anitukane.

Aliuliza kitu kimoja tu, kama Baba Tumaini anajua. Nikasema hajui, ngoja nikimbie nikamwombe radhi sasa hivi.

"Wewe nenda kwa balozi ukaseme uliyoyafanya," alisema. "Mwizi nimemwita mimi, mwanangu, kwa mdomo wangu. Kwake nakwenda mwenyewe."

Nikataka kumsindikiza, akanikatalia. Njia ni utelezi na magoti yake ni mabovu. Nilibaki uani na shati langu lililonyooshwa, namwangalia anapanda kilima kwenda kuomba msamaha kwa kosa langu. Katikati alisimama akashika mti, akapumua. Hakugeuka nyuma.

Kwa balozi nilisema kila kitu mbele ya watu. Ilikuwa rahisi kuliko kile kilima.

Jumapili, 28 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda kugema badala ya Shangazi, ameniruhusu. Machipukizi yaliyofaa yalikuwa machache, nikakata ncha polepole, nikafunga mbeta, vyombo vya mwanzi vya kukingia ulanzi. Aliniangalia kutoka barazani. Hakunikosoa.

Baba Tumaini alipita na mzigo wa majani ya nguruwe. "Kamwene," alimwambia Shangazi. Akaitikia. Wakaongea habari za mvua, na za binti wa Tandala. Nilimsalimia pia. Aliitikia kwa heshima, kama anavyoitikia mgeni, akaendelea na njia yake.

Mbeta zilizobaki nimeziosha na kuzipanga ukutani jikoni. Ni nyingi. Mwaka huu hazitakuwa na kazi.