Siku Niliyokataa Kumdhamini Mutua

Alhamisi, Juni 1996

Leo nilisema hapana. Hakimu aliniuliza kama niko tayari kumdhamini tena ndugu yangu Mutua kwa hati ya nyumba yetu ya Dandora, nikakataa mbele ya korti nzima.

Anashtakiwa kwa kumuuzia mfanyabiashara wa soko la Gikomba marobota ya mitumba yasiyo yake. Mara ya kwanza nilimdhamini, naye akahepa kesi miezi minne. Nyumba iliponea chupuchupu kuchukuliwa na korti alipokamatwa. Mama angeenda wapi na miguu yake inayomuuma?

Nilijua atanitukana. Lakini askari alipokuwa akimrudisha rumande, alipita karibu nami akasema polepole, "Usilie, sista. Hata mimi singejidhamini."

Afadhali angenitukana.

Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa mlangoni. "Mutua yuko wapi?"

"Amerudishwa ndani, Mama. Nimekataa kumdhamini."

Aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na chakula nilichompelekea hajakigusa. Sasa namsikia akiomba kwa Kikamba. Amemtaja Mutua mara nyingi sana. Nimesikiliza hadi mwisho, na jina langu hajalitaja.